Katibu na Sanduku Lisilo na Kufuli

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mkewe alimwita Katibu. Alikuwa katibu wa umoja wetu wa wakulima wa pamba pale Bariadi, miaka ya soko huria, wakati tulipokuwa bado wilaya tu ya mkoa wa Shinyanga na habari za kuwa mkoa hazijasikika. Nilifanya kazi chini yake miaka sita, mimi nikiwa mtu wa kompyuta, cheo nilichopewa kwa sababu nilikuwa nimesoma kozi ya miezi tisa Mwanza na hakuna mwingine aliyekuwa amesoma hata ya wiki moja. Naandika habari zake sasa kwa sababu nimemtetea mbele za watu muda mrefu kuliko alivyostahili. Kuna mama mmoja mzee aliyekufa kwa jambo ambalo Katibu angeweza kulifuta kwa kubonyeza mara mbili. Nalisema mapema ili msomaji asije akampenda mno kabla hajajua. Mimi nilimpenda mno.

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake la mikono mirefu alilifunga vifungo vyote hadi cha shingoni, kiangazi na masika. Miwani yake ilikuwa imeungwa kwa waya wa shaba. Baiskeli alikuwa nayo, nzima kabisa, lakini aliikokota. Ukimuuliza mbona haipandi, anasema akiipanda atapita watu bila kuwasalimia, na katibu asiyesalimia watu ni mtu gani? Kwa hiyo safari ya dakika kumi kutoka kwake hadi ofisini ilimchukua saa nzima, na alifika amekwishapokea malalamiko ya nusu ya mji.

Kwenye simu alipiga kelele. Alikuwa na imani kwamba Lalago ni mbali kuliko Nkololo, kwa hiyo mtu wa Lalago lazima apigiwe kelele zaidi. Tulikuwa tunatoka nje kumcheka, na yeye alijua tunamcheka, akaongeza sauti makusudi.

Sukari ya ofisi aliifungia. Funguo za kabati, za stoo, za mlango wa nyuma, zote zilikuwa kiunoni mwake, na alipotembea ulimsikia kabla hujamwona. Chai haikunywewa mpaka afike. Nilimwambia siku moja, "Katibu, wewe unahubiri uwazi kila mkutano, na sukari ya kijiko kimoja umeitia kufuli." Akanijibu bila kucheka, "Uwazi ni wa wanachama, ng'wanone. Sukari ni ya ofisi." Ng'wanone ni mwanangu kwa Kisukuma, na alipokuita hivyo ulijua mazungumzo yamekwisha.

Lakini chuki yake kwa kufuli nyingine ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na chanzo. Kabla ya soko huria alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mkulima akipunjwa kwenye mizani anaandika barua, barua inakwenda kwa meneja, na meneja anampa karani aiweke kwenye kabati mpaka itakapofanyiwa kazi. Karani ndiye huyu. Kiwanda kilipouzwa, watu wa kampuni mpya walimwambia atoe vitu vya zamani, akafungua lile kabati, akakuta barua za miaka kumi na moja. Nyingi hazikuwa zimefunguliwa. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka zimebaki bahasha. Alikuta barua ya baba yake mwenyewe, mzee aliyekuwa amekwisha kufa, imeandikwa na mtoto wa shule kwa penseli.

Habari hiyo aliisimulia mara nyingi, na kila mara alipofika kwenye penseli alivua miwani. "Mimi ndiye niliyekuwa nafunga," alisema. "Si meneja. Meneja hata hakujua ufunguo uko wapi. Ni mimi."

Ndiyo maana wafadhili walipotupatia kompyuta mbili na dishi la intaneti, na kusema umoja uwe na tovuti yake, Katibu hakutaka picha za viongozi wala historia ya umoja. Alitaka sanduku. Mahali ambapo mkulima wa Mwamanyili au wa Lalago ataandika kwamba mbegu aliyouziwa haikuota, dawa ilikuwa maji, mizani ya wakala ina sumaku chini, na maneno yake yaonekane saa ileile, na dunia nzima, bila kupita mikononi mwa karani yeyote.

Alikuja kijana mmoja kutoka Mwanza, amevaa tai, akatuonyesha mfumo wa kampuni yao. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Katibu alisikiliza wee, kisha akauliza, "Tukitaka kubadilisha kitu?"

"Mnatupigia simu, mzee."

"Tukitaka kuhama na vitu vyetu?"

"Hapo tunazungumza, mzee."

"Na ninyi mkifa?"

Kijana alidhani ni utani. Katibu alimngoja mpaka akaacha kucheka. Tulimpa soda, akarudi Mwanza na tai yake.

Nikamweleza kwamba iko mifumo ya kuendeshea tovuti ambayo haina mwenyewe. Imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali, wanaitoa bure, na maandishi ya ndani yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Inaitwa programu huria. Aliposikia huria alikunja uso, maana neno hilo kwetu lilikuwa limeleta mawakala na mizani yao. Lakini nilipomaliza kueleza alisema, "Kumbe kuna watu wazima huko duniani."

Nilishusha mitatu kwenye diski huko Mwanza, nikaiweka kwenye kompyuta ya ofisi ili tuijaribu. Katibu aliichagua kama anachagua maksai wa plau. Akaipa majina. Wa kwanza aliuita Mzee wa Boma: una nguvu, unaweza kila kitu, lakini kuuamrisha mpaka uusomee. Wa pili ukawa Ndama, mwepesi, mtu anaandika habari na inatokea, ila wakati huo haukuwa na sehemu nyingi. Wa tatu hakuupa jina la sifa sana, aliuita Huyu Hapa, kwa sababu ndio uliokuwa umetafsiriwa Kiswahili kwa nusu, na Mtanzania mmoja tusiyemjua ndiye aliyeutafsiri.

Hakutaka maoni yangu. Aliita wakulima. Wiki nzima walikuja wawili wawili, watu ambao hawajawahi kushika kipanya, na Katibu akawakalisha, akawaambia waandike kwamba mbuzi wa jirani amekula pamba. Alikaa nyuma yao na saa ya mkononi. Mzee wa Boma uliwashinda wote. Ndama waliumudu, lakini wakati huo ulidai barua pepe, na nani alikuwa na barua pepe Nkololo? Huyu Hapa haukudai kitu. Unaandika jina lolote au huandiki, unabonyeza Tuma, maneno yanatokea.

"Huyu hapa," akasema Katibu.

Kulikuwa na kijisanduku kimoja katika mipangilio, cha kuweka tiki. Ukikiweka tiki, ujumbe unasubiri mpaka msimamizi auidhinishe. Mimi nilikitia tiki. Yeye akaniambia niitoe. Tulibishana mchana kutwa, na sikuwahi kubishana naye hivyo kabla wala baada.

"Katibu, watu wataandika matusi."

"Waandike. Matusi yana wenyewe."

"Watasingizia watu."

"Aliyesingiziwa naye ataandika. Sanduku si lina mdomo kwa wote?"

"Na asiyejua kusoma?"

Hapo alisita. Nakumbuka alisita. Kisha akasema, "Bhebhe, wewe, ukiniwekea tiki hiyo umeniweka tena kwenye kabati. Mimi nitakuwa yuleyule karani." Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, na alikuwa mzee wangu. Nikaitoa.

Cha ajabu, au labda si cha ajabu kwa mtu wa sukari ile, nywila ya msimamizi aliiweka peke yake. Aliiandika kwenye karatasi akaishona ndani ya jalada la Biblia. Mimi niliyeutengeneza mfumo alinipa ruhusa ya kuandika habari tu, kufuta sikuweza. Nilimwambia ni hatari. Akasema watu wawili wakiwa na ufunguo, hakuna anayejua nani alifungua.

Sanduku lilifanya kazi. Mtu wa Lalago aliandika kuhusu mizani ya wakala mmoja, ikasomwa na waandishi, maofisa wakaja, wakala akafungasha usiku bila kuaga. Siku za gulio watu walijaa barazani kwetu, kompyuta moja tuliwaachia wanachama, wanaojua kusoma wakiwaandikia wasiojua. Yakaanza maneno vijijini kwamba ukimwandika mtu kwenye mashine ya Bariadi, mtu huyo anaondoka. Katibu alifurahi sana kusikia hivyo. Mimi pia nilifurahi. Hakuna kati yetu aliyekaa kufikiri watu wetu wamezoea kuandika majina ya nani.

Wasiotoka kwetu inabidi niwaeleze. Vijijini kwetu, wizi ukizidi au vifo vikizidi, huitishwa mkutano na watu hupiga kura ya siri. Kila mtu anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemshuku, anatumbukiza. Zinahesabiwa. Jina likijirudia, sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wanakwenda kwa huyo mtu. Kuna wezi waliopatikana hivyo. Kuna pia kina mama wazee waliopatikana hivyo, ambao kosa lao ni kuishi muda mrefu na kuwa na macho mekundu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni hakuna. Sasa fikiria watu hao umewawekea sanduku ambalo hata karatasi halidai.

Kwenye baraza ya ofisi yetu aliuza michembe mama mmoja wa vijiji vya Nkololo. Sote tulimwita Mayu, yaani mama. Alikuwa mjane, akija na gari la asubuhi siku tatu kwa wiki, na binti yake mmoja alikuwa fundi cherehani mjini, mtaa wa pili kutoka ofisini. Katibu alimnunulia kila siku aliyokuja, akawagawia wafanyakazi. Walitaniana mno. "Mayu, viazi hivi umevikausha au vimezeeka na wewe?" Naye, "Katibu, ungekuwa na meno ningekujibu." Kusoma hakujua. Alikuwa akipita karibu na kompyuta anafunika macho kwa mkono kama anakinga jua, tunacheka wote.

Katibu alikwenda Dodoma kwenye semina siku ya Jumatano, siku ya gulio. Alhamisi asubuhi nilifungua tovuti nikakuta maneno mistari mitatu. Hayakuwa na jina la mwandishi. Yalimtaja Mayu kwa jina lake kamili, na jina la marehemu mumewe, na kijiji, na kitongoji. Yalisema watoto wanne wamekufa upande ule tangu mvua zilipoanza na mnaomjua semeni. Chini yake tayari mtu mwingine alikuwa ameandika: kweli.

Yaliandikwa kwenye kompyuta yetu, Jumatano mchana, mimi nilipotoka kwenda kula wali. Nimeshaangalia muda mara mia.

Nilimpigia Katibu. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa. Niliandika barua pepe kwa waliokuwa wanahifadhi tovuti huko Ulaya, kwa Kiingereza changu cha miezi tisa, na jibu lilikuja wiki iliyofuata likiuliza namba ya mteja. Niliandika chini ya yale maneno kwamba ni uongo. Nilipofungua tena baada ya saa moja kulikuwa na wengine watano wamesema kweli.

Mchana nilimwambia Mayu. Nilimwambia asiende nyumbani, alale kwa binti yake. Akaniuliza, "Imeandikwa na nani?" Nikasema hatujui. Akasema, "Mtu ambaye hajulikani anaweza kunifukuza kwangu? Nina kuku, nina mbuzi." Binti yake alikuja akamshika mkono, akamlilia barabarani. Alilala mjini siku moja. Ijumaa jioni mwenye duka la intaneti alinionyesha kwamba mtu amelipia ule ukurasa uchapwe nakala ishirini, na nakala zimekwenda Nkololo na gari la saa nane. Kama maneno yangefutwa Alhamisi kusingekuwa na kitu cha kuchapa. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono watu wangeibishia, lakini hii ilitoka kwenye mashine iliyomfukuza wakala wa Lalago. Niliporudi kumwambia binti, Mayu alikuwa ameshaondoka na gari lilelile, kwa ajili ya mbuzi.

Walimuua Jumapili. Sitaeleza walivyomuua, binti yake ameniomba nisieleze.

Katibu alirudi Jumatatu. Alishukia moja kwa moja msibani, akaanguka pale mlangoni, wanaume wakamwinua. Akasema simu ilimwishia chaji na chaja aliisahau nyumbani, na huko kwenye semina hapakuwa na intaneti. Alifuta yale maneno siku hiyohiyo. Akaweka tiki kwa mkono wake mwenyewe. Polisi walikamata watu wanne, wakawaachia, maana nani alikuwa ameona?

Watu walimlaumu, na mimi ndiye niliyemsimamia. Nilimweleza kila aliyetaka kusikiliza kwamba angejua angefuta, kwamba alikuwa njiani, kwamba kosa lake ni moja tu, kung'ang'ania nywila. Zaidi ya wote nilimweleza yule binti. Alikuwa ameapa kutokanyaga ofisi yetu wala kumpa Katibu mkono. Nilikwenda kwake mara nyingi, nikakaa kwenye kiti cha wateja kando ya cherehani, na siku moja nilimwapia kwa jina la Mungu kwamba Katibu hakujua. Ndipo akalegea. Alimruhusu Katibu aje kwenye arobaini, akamnawisha mikono, wakala sahani moja. Tangu hapo mimi na yule binti tumekuwa ndugu. Watoto wake wananiita mama mkubwa.

Umoja ulikufa taratibu kama vyama vyetu vyote. Katibu alihamia Mwamanyili, kwa wakwe zake, akalima mpunga. Miaka ilipita sikumwona. Mwaka jana nilikuwa na kazi upande ule, nikasema siwezi kupita bila kumwamkia.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha kamba, shati limefungwa mpaka shingoni, mwili umebaki mifupa. Figo, mkewe aliniambia. Alinitambua kwa sauti. Tulizungumza mvua, mpunga, nani amekufa. Mkewe alipoingia ndani kupika, akaniuliza, "Yule binti wa Mayu hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia sana, nimemwambia nitakuona."

"Ananisalimia," akasema. Kisha akasema, "Ile simu ilikuwa na chaji, ng'wanone."

Sikuelewa mara moja.

"Hoteli ya Dodoma ilikuwa na kompyuta pale mapokezi. Alhamisi niliamka mapema nikafungua sanduku, kama kawaida yangu. Niliyasoma kabla yako. Nikashika kipanya nifute." Aliunyoosha mkono wake, akautazama. "Mdogo kati ya wale watoto wanne alikuwa mjukuu wa dada yangu. Nilikuwa nimemzika mwezi uleule. Nikasema ngoja kwanza. Wacha nione wengine watasemaje."

"Katibu, ulimwamini mtu aliyeandika vile? Juu ya Mayu?"

"Sikuamini. Sikukataa pia. Nilikuwa mzee wa kanisa, nilikuwa nakula viazi vyake, na moyo ukasema, je kama kweli? Ulipopiga nikaona jina lako. Nikajua ukiniambia nifute nitafuta. Nikazima."

Nilimuuliza mbona ananiambia sasa. Akasema daktari amempa miezi, na hataki kwenda na jambo hilo peke yake. Akaniomba nimsamehe. Akaniomba pia nisimwambie yule binti, kwa kuwa kumwambia hakutamrudisha mama yake, na amezoea kuwa na amani.

Mkewe alitoka na maji ya kunawa. Nilisimama. Nilimwambia gari litaniacha, ingawa gari lilikuwa la saa tisa na saa sita ilikuwa haijafika. Sikumuaga mzee. Katika maisha yangu sijawahi kuondoka kwa mzee bila kuaga, na nilimsikia nyuma yangu akiniita, mara ya kwanza kwa ng'wanone, mara ya pili kwa jina langu.

Kituoni nilikaa juu ya gunia la mtu. Nilijaribu kumwonea huruma na nikaweza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mimi ndiye niliyeapa. Yeye hakuapa kitu, aliniachia mimi nimwapie, akakaa kwenye arobaini akanawishwa mikono na mtoto wa yule mama, akala.

Nilitoa simu nikampigia binti. Iliita mara mbili tu.

"Mwadila, dada yangu!" alinisalimia kwa Kisukuma. Nyuma yake nilisikia cherehani ikiendelea, mtu mwingine akishona. "Umefika kwa Katibu? Anaendeleaje mzee wetu?"

"Mwadila," nikamwambia. "Waambie wasimamishe cherehani kwanza. Kaa chini."